TV ya mkoani kwetu ilitaka mwandishi wa Guangzhou, ikampata Mama Hapana

Wakuu, heshima kwenu wote. Hili jambo nimelikalia muda mrefu kwa aibu, leo nalitoa. Sijatia chumvi. Jina la kituo tu ndilo nimelificha, maana mwenye nacho yupo, anasoma humu, na ana hasira za karibu.

Kabla sijaja huku Guangzhou kununulia watu nguo, nilikuwa fundi mitambo kwenye TV moja ya mkoani, kanda ya kati.

"Fundi mitambo" ni cheo cha kwenye kitambulisho. Kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza swichi.

TV ile aliianzisha Mzee Chilewa, mwenye banda la kuonyesha video. Alinunua kamera ya kupigia harusi, akapanga ghala lililokuwa la alizeti, akatundika pazia la bluu, ikawa studio. Vumbi la mashudu lilikuwa bado limo kwenye kuta, kwa hiyo watangazaji wa mwanzo walisoma habari huku wanapiga chafya.

Watu mtaani wakadhani ni staili.

Baadaye chaneli moja kubwa ya Dar ikaingia nasi ubia. Wao wanatupa taarifa ya habari na tamthilia, sisi tunaachiwa asubuhi tujaze mambo ya mkoani. Mimi na swichi yangu ndio tulikuwa mpaka kati ya Dar na sisi.

Siku ya kwanza ya ubia nikabonyeza nusu. Sauti ikaja ya Dar, picha ikabaki ya kwetu. Mkoa mzima ukamsikia waziri anaeleza mipango ya serikali, huku wanamwona fahali anapandishwa kwenye mzani mnadani. Waziri anasema "tumejipanga vizuri", fahali anageuka anaangalia kamera.

Dar walituma barua ya onyo. Mzee aliilaminisha akaibandika mlangoni kwangu.

Basi, maisha yakanisukuma, nikaja China. Nikajua nimeachana na TV.

Mwaka jana Mzee akanipigia. Sauti imepoa, si ya kwake.

"Mwanangu, watu wa Dar wanapitia vituo vyote shirika. Ambaye kipindi chake cha asubuhi hakieleweki, ananyang'anywa saa zake. Tutabaki mnara wa kurusha vya Dar tu. Kesho wanakuja kukaa studio."

Wakuu, pale kuna watu tisa wanaokula kwa hicho kipindi. Mmoja ni dada Rehema, mtangazaji aliyenifundisha kazi na kunitetea siku ya fahali.

"Nifanye nini, Mzee?"

"Wewe ndiye mwandishi wetu wa China."

"Mzee, mimi nanunua jinzi."

"Vizuri. Tayari uko eneo la tukio."

Sikulala vizuri. Nikaandika maneno mazito kuhusu uhusiano wa kibiashara wa mataifa mawili, nikakariri mpaka mwenzangu wa chumbani, Mkenya, akaniambia, "Buda, hebu nyamaza, hata mimi nimeshaishika hiyo ripoti."

Kipindi ni saa nne asubuhi nyumbani, huku saa tisa mchana. Nikavaa koti, nikaenda kwenye jengo moja la nguo za jumla pale Guangyuan Xilu, ghorofa ya tatu. Nikasimama mbele ya duka la mama mmoja wa Kichina ambaye sisi Waafrika tunamwita Mama Hapana. Ukimtajia bei yoyote jibu lake ni hilo moja. Kiswahili chake amekiokota kwa wateja.

Kosa langu: sikumuomba ruhusa. Mle ndani kupiga picha ni ugomvi, kila mwenye duka anaogopa kuibiwa mitindo.

Rehema akaniunganisha laivu kwa simu ya video ya WeChat. "Na sasa tuelekee Guangzhou kwa mwandishi wetu..."

Nikavuta pumzi. "Asante Rehema. Uhusiano wa kibiashara wa..."

"Bu yao pai! Usipige picha! Hapana! HAPANA!"

Suruali ya jinzi ikatua juu ya simu. Giza. Mkoani kwetu wanasikia kelele tu.

Rehema, mwanamke wa kazi, akasema kwa utulivu, "Tunaona kuna hali fulani huko."

Nikaivua ile suruali huku napiga kelele, "Laoban, bosi, laivu! Tanzania! Tanzania wanaona!"

Mama Hapana akasimama. "Tanzania naona mimi? Sasa hivi?"

Akatengeneza nywele. Akaninyang'anya simu.

Nikarudi nyuma kumpisha, mpagazi alikuwa anapita na mkokoteni wa marobota, ukanizoa miguu. Nikaangukia mzigo. Nilisikia Rehema anatangaza, "Mwandishi wetu ameanguka, anaonekana mzima."

"Tanzania! Habari!" Mama Hapana anafoka. "Wewe nunua jinzi, wewe rudi nyumbani, wewe lia: ndogo, ndogo! Saizi ya China ndogo! Wewe kubwa! Ongeza mbili!"

Rehema akamdaka hapo hapo. "Mama, na rangi kuchuja je?"

"Maji moto hapana! Jua kali hapana! Geuza ndani nje!"

Nilipangiwa dakika mbili. Alitumia kumi na moja.

Simu ilipokatika nikakaa juu ya robota, nimeinamisha kichwa. Nikijua nimewamaliza watu tisa. Nikamwomba radhi Mama Hapana kwa kupiga picha bila ruhusa. Akanimiminia kikombe cha maji ya moto ninywe, akasema, "Rehema mtu mzuri. Anauliza vizuri."

Mzee alipiga jioni. Wale wa Dar walicheka hadi mmoja akatoka nje, lakini wakati wageni wanaaga, simu ya studio ilikuwa haijapumzika: wenye maduka mkoani wanauliza maswali ya saizi. Saa zetu zimebaki. Tena Dar wanataka kile kipande kila wiki, kiende mikoa yote.

"Asante Mungu," nikasema. "Ngoja nijiandae vizuri."

"Wewe hapana," Mzee akasema. "Wanamtaka yule mama. Wewe shika simu."

Somo nililopata: niliandika ripoti ya kuwafurahisha wakubwa wa Dar, nikamsahau muuza duka aliyekaa mbele ya TV anataka kujua saizi. Na omba ruhusa kabla hujapiga picha duka la mtu.

Wiki iliyopita mama yangu mzazi kanipigia kusifia kipindi. Akaniuliza, "Kwani huyo anayeshika simu mnamlipa? Mbona picha inachezacheza hivyo?"

Siku hiyo hiyo nikanunua stendi ya simu. Mliowahi kufanya kazi TV za mikoani, leteni ya kwenu hapa chini, nijue siko peke yangu.