Nilivyoichemsha Dawa ya Bwana Mganga

Heri jambo hili mlisikie kwangu kabla halijafika sokoni. Mimi ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali ya misheni hapa Njombe, na kila kitu nakichemsha: sindano, mikasi, hata vijiko. Juzi bwana mganga, akienda Makambako kumchukua mganga mwenzake, aliniachia chupa ya maziwa yaliyochacha.

“Hii ni dawa yangu mpya ya kuhara. Mgeni anakuja kuiona, itunze kwa usafi.”

Niliinusa, nikawahurumia wagonjwa. Nikaiteleka jikoni mpaka ikatokota.

Waliporudi nilisimama wima. “Bwana mganga, hamna kijidudu hata kimoja kilichopona!”

Mgeni akachungulia sufuria. Bwana mganga akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

“Hivyo vijidudu ndivyo dawa,” akasema. “Nimevilea tangu masika.”