Baba na Maksai Ndani ya Herufi

Sisi tuliokulia Dutwa enzi zile picha inakuja kwa baiskeli, tunajuana. Mpiga picha alifika baada ya watu kuuza pamba, kamera shingoni, na nyumba nzima ikapagawa. Tulisuguliwa magaga kwa jiwe, tukapakwa samli mpaka inzi wakateleza. Viatu vilikuwa jozi moja, basi kaka akavaa cha kulia, mimi cha kushoto, miguu mitupu tukaificha nyuma ya dada. Na kucheka marufuku! Watoto wa siku hizi wakipigwa picha wanabinua midomo, utadhani wanapuliza uji.

Mkanda wa kamera ulikuwa umebakiza picha moja tu. Baba, badala ya kuja kusimama, akaenda zizini kumleta Mabaka, maksai wake wa kulimia. Mama, ambaye mpaka leo tunamwita Mayu, akafoka: "Tunapigwa sisi au ng'ombe?" Baba akamuuliza nani analisha nyumba hii. Mpiga picha akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akaingia kwenye mihogo, ili pembe zienee. Mabaka akatokea mzima, sisi wengine ametuziba. Baba akatokea mdogo, pembeni, kofia mkononi.

Hiyo ndiyo picha pekee ya baba tuliyo nayo.

Juzi tukawa tunaandaa misa ya kumkumbuka. Mayu alikuwa na ombi moja: wajukuu wamwone babu yao, maana hakuna hata mmoja aliyemkuta. Binti yangu Kabula, anayetengeneza mabango pale Bariadi mjini, akasema hiyo kazi ndogo. Kwenye laptopu yake akaandika BABA kwa herufi nene, akaiingiza picha ndani ya herufi, na chochote kilichobaki nje kikapotea. Akamgeuzia bibi yake kioo.

Lo! Herufi ya kwanza, pembe. Ya pili, nundu. Ya tatu, tumbo. Baba alikuwa ameangukia penye nafasi kati ya herufi mbili, kimebaki kipande cha kofia. Mayu akainama, akatafuta, akatafuta tena. Niliumia mpaka nikatamani kuifunga ile laptopu.

"Subiri, bibi," Kabula akasema. Akaikuza picha, akaisogeza taratibu. Mabaka akatoka, na baba akaingia, akajaa kwenye ile A ya mwisho, uso mzima, anatutazama. Mayu akalia. Alipomaliza akajifuta kwa khanga.

"Mrudishe ng'ombe wake."

"Bibi, si ulitaka babu aonekane?"

"Aonekane. Lakini humo hatakaa peke yake."

Ng'ombe ambaye Mayu alimtukana miaka yote! Kabula akahangaika nao mpaka wote wawili wakaenea.

Simu ya Kabula imejaa picha zake mwenyewe. Za jana anazifuta leo, eti pua imetoka vibaya. Sisi tunayo moja, na sehemu kubwa ni ng'ombe. Bango liko sebuleni. Jioni Mayu anavuta kigoda, anakaa mbele yake, anawagombeza wote wawili.