Chumba Tulichomtengenezea Dada

Mume wa dada alimleta nyumbani kwetu Kasikeu kwa pikapu ya kuazima. Akashusha sanduku na blanketi mbili, akanywa chai aliyopewa, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Hakurudi.

Dada alikuwa amefundisha shule ya sekondari huko Kitui kwa miaka minne. Alijifungua mtoto wa kiume ambaye aliishi siku tatu. Baada ya mazishi aliacha kuongea, kisha akaacha kula, kisha akaanza kutoka nyumbani alfajiri bila viatu na kutembea mpaka akutane na mtu anayemjua. Alipofika kwetu alikuwa amekonda hata pete ilikuwa imefungwa uzi isianguke. Baba, ambaye alifanya kazi Kiboko kwenye mashamba ya utafiti na kuja nyumbani Jumamosi, aliomba ruhusa akampeleka hospitali mbali, ile ya watu wanaougua akili. Dada alikaa huko karibu miezi mitatu.

Siku ya kumchukua nilienda na baba. Nesi mmoja aliyejua Kikamba alitutoa nje ya wodi, akatueleza taratibu kama mtu anayepima maneno. Dawa asubuhi na jioni, chakula kwa saa ile ile kila siku. Asiulizwe maswali mengi. Asipigiwe kelele, na watu wasimjae. Kisha akamtazama baba.

"Mtafutieni mahali pake," alisema. "Hata kama ni padogo. Mahali anaweza kukaa bila mtu kumwuliza kwa nini amekaa."

Tulipofika tu nyumbani baba alimwita mama nyuma ya nyumba, na nikajua wanahesabu vyumba. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na sebule; kimoja cha wazazi, kingine nililala mimi na wadogo zangu watatu. Jiko lilikuwa kando, na kando ya jiko kulikuwa na ghala.

Baba alilijenga ghala hilo kwa matofali wakati mavuno yalikuwa mazuri, na watu walimcheka kwa kuyapa mahindi nyumba nzuri kuliko ya watoto. Lakini mwaka huo, ambao watu wa kwetu wanaukumbuka kwa mahindi ya manjano ya msaada, ghala lilikuwa tupu. Mvua ilikuwa imetukosa misimu miwili mfululizo. Humo ndani kulibaki magunia matupu, majembe, na harufu ya dawa ya kuua wadudu.

Mwaitu, ndivyo sote tulivyomwita mama, hakupenda. Alisema kufanya ghala chumba cha kulala ni kama kumwambia Mungu tumekata tamaa ya mvua. Baba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu, "Mvua ikija, mahindi nitayaweka chini ya kitanda changu." Mama alienda akachukua ufagio.

Tulifanya kazi ile kwa wiki mbili. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi iliyo karibu bila kusomea ualimu, kwa hiyo nilirudi mchana nikiwa na muda. Tulisugua sakafu kwa majivu na maji kidogo tuliyoweza kuyapata, maana maji tuliyachimba kwenye mchanga wa mto na foleni ilikuwa ndefu. Tulipaka kuta chokaa mara tatu mpaka ile harufu ya dawa ikaisha. Mama alitoa kitenge chake kipya, alichokuwa akikiweka kwa ajili ya sherehe, akakifanya pazia. Kuku walihamishwa. Redio ya baba ilitolewa sebuleni ikapelekwa chumbani kwao, chini ya amri kwamba isisikike nje.

Kilichobaki ni dirisha. Ghala halikuwa nalo, na fundi alipokuja aliuliza tunataka litobolewe upande gani. Baba alisema upande wa barabara, ili aone watu akipata upweke. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Tangu arudi alikuwa amesema maneno machache sana.

"Upande wa kilima," alisema.

Fundi alimtazama baba. Baba akasema, "Umesikia."

Hicho chumba kilimfaa, na sitaki mtu afikirie vinginevyo kwa sababu ya yaliyofuata. Wiki ya kwanza alilala tu. Wiki ya pili tulimkuta asubuhi amekaa kitandani, dirisha wazi, akitazama kilima kilichokauka chote isipokuwa miti michache. Mama alianza kwenda kukaa naye mchana na nyuzi zake za mkonge, akisuka kiondo bila kusema neno, na baada ya siku chache dada akanyoosha mkono akataka na yeye apewe uzi. Alikuwa hajui kusuka; miaka yote alikuwa shuleni na vitabu. Kiondo chake cha kwanza kilikuwa kimepinda upande mmoja kama mdomo wa mtu anayeumwa na jino. Nilipokicheka alicheka pia, na mama akatoka nje haraka. Nilimkuta nyuma ya jiko amejifunika uso kwa leso.

Baadaye aliniuliza kama nina madaftari ya kusahihisha. Nilimletea insha za darasa la nne. Alizisahihisha zote kwa ukali ambao mimi sikuwa nao, na chini ya kila insha akaandika sentensi moja ya kumtia mtoto moyo.

Lakini nyumba haiwezi kunyamaza kwa sababu mmoja amesema inyamaze. Majirani walikuja kumwona, na kwetu huwezi kumzuia mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Walikaa mlangoni pa chumba wakazungumza juu yake kana kwamba hayupo. Kikundi cha maombi cha mama kilihamia kwetu kila Jumatano, wanawake kumi au zaidi wakimzunguka na kukemea kwa sauti kubwa. Mama alijua nesi alivyosema, ila hakuwa na ujasiri wa kuwaambia wapunguze sauti. Jumatano jioni dada hakula. Alhamisi hakusuka.

Halafu kulikuwa na baba mdogo, ndugu wa baba, ambaye boma lake lilipakana na letu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa, na hofu yake aliitoa kwa njia ya ushauri. Alisema chumba ni kizuri lakini mlango wake hauna komeo la nje. Alisema mgonjwa wa namna ile anaweza kutoka aanguke kisimani, au achome nyumba. Baba alikataa mara mbili mbele yangu.

Alhamisi moja, siku iliyofuata maombi, dada hakuonekana. Tulimtafuta mtoni, tukamtafuta sokoni. Alipatikana alasiri akitembea kando ya reli kuelekea Sultan Hamud, viatu mkononi, na mtu aliyemrudisha alisema alikuwa akitembea vizuri tu na alimsalimia. Dada mwenyewe alisema alitaka kwenda mahali pasipo na watu. Hakuna aliyetaka kusikia hilo. Sisi tulisikia neno reli tu.

Jumamosi hiyo baba alipigilia komeo upande wa nje wa mlango. Alilipigilia mwenyewe, bila fundi, na alipomaliza alituita sote akasema ni la tahadhari, na kwamba hataki kuliona limefungwa bila yeye kujua. Dada alikuwa ndani. Alisikia kila msumari.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mwalimu mmoja wa upande wa Wote alikuwa akinichumbia tangu mwaka uliotangulia. Alikuwa ameniambia wazee wa kwao wangekuja kuleta mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza ambao kwetu ndio huonyesha kwamba msichana ana mwenyewe. Kwa ajili ya ukame walichelewa, na nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hawatakuja kabisa. Watu walikuwa wanasema maneno. Walisema ugonjwa wa akili hufuata damu. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama huyo mchumba anajua habari za dada, na nilimjibu anajua. Hakujua. Nilikuwa nimemwambia dada yuko nyumbani kupumzika baada ya kufiwa, na huo haukuwa uongo, ila haukuwa ukweli wote.

Hatimaye, Jumamosi moja, wageni walifika saa tano asubuhi: wazee watatu, na mama wa mchumba wangu pamoja na shangazi yake. Baba alikuwa ametoka kuwapokea njiani. Mama alikuwa jikoni na sufuria za muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na wanawake wa jirani wakimsaidia. Mimi nilipita kando ya jiko nikaona mlango wa chumba cha dada umefunguka kidogo, na ndani dada amesimama anajifunga leso kichwani. Alikuwa amevaa gauni lake la kufundishia. Lilimpwaya mabegani. Alikuwa anajitayarisha kuja kusalimia wageni.

Sikufikiri muda mrefu. Niliuvuta mlango taratibu, nikasukuma komeo. Nilijiambia ni kwa saa moja, mpaka wale chakula. Nilijiambia kelele ya wageni itamdhuru.

Niliitwa sebuleni nikasalimie. Nilipiga magoti, nikagawa maji ya kunawa, nikapeleka chai. Wazee walizunguka kwenye habari za mvua na mifugo kwa muda mrefu kama desturi ilivyo. Shangazi wa mchumba aliuliza tuko wasichana wangapi hapa nyumbani, na kabla mama, aliyekuwa amekuja kusalimia, hajajibu nilisema mkubwa ameolewa Kitui. Mama aliinamisha kichwa akatazama vikombe.

Nilipokwenda jikoni kuchukua mchuzi nilisikia jina langu. Sauti haikuwa kubwa. Iliita kama mtu anavyomwita mwenzake aliye chumba cha pili. Mwanamke mmoja jirani aliinua macho, akanitazama, nami nikabeba bakuli nikatoka. Nilipokwenda tena nililisikia mara ya pili, na hata mara ya tatu. Baada ya hapo kulikuwa kimya, na nikashukuru.

Wageni waliondoka jua likiwa limeanza kushuka, wameridhika, mbuzi wao wamefungwa kwenye mti wetu. Wazazi wangu waliwasindikiza. Ndipo nikaenda kufungua.

Dada alikuwa amepiga magoti anapangusa sakafu kwa pazia, kile kitenge cha mama. Gauni lake la kufundishia lilikuwa limelowa nyuma, na chumba kilinuka mkojo. Nilielewa kila kitu nikiwa bado mlangoni.

"Nilikuita," alisema bila kuinua kichwa. "Mara tatu. Kisha nikanyamaza, kwa sababu ya wageni wako."

Nilitaka kuchukua pazia nimsaidie. Aliushika mkono wangu akauondoa, si kwa hasira, akaendelea kupangusa mpaka pakakauka.

Baba aliporudi nilimwambia mwenyewe. Hakunipiga wala hakunifokea. Alichukua nyundo akaling'oa komeo, akalitupa chooni, akaja akakaa kwenye kigoda karibu na jiko mpaka chakula kikapoa. Mama aliwaambia wanawake wa maombi wasije tena kwetu, wakutane kwingine. Maneno hayo ambayo alishindwa kuyasema miezi yote aliyasema asubuhi moja, kwa sauti ya kawaida.

Lakini dada hakulala tena mle ndani. Alihamisha blanketi zake jikoni, akalala chini karibu na mafiga, na mama akahamia huko kulala naye. Tulijaribu kumbembeleza. Tulipaka chokaa upya, baba akaleta miche ya maua kutoka Kiboko akaipanda chini ya dirisha. Dada aliyamwagilia maua hayo maji ya kunawia, lakini kizingiti hakukivuka. Mvua ya mwisho wa mwaka ilinyesha vizuri, na msimu ulipoisha mahindi yakarudi ghalani.

Niliolewa. Mume wangu alikuja kuujua ukweli wote kutoka kwangu, baada ya harusi, na siku mbili baadaye akaniuliza kwa nini nilimwona kuwa mtu wa namna hiyo. Dada alibaki nyumbani. Alirudi hospitali mara mbili katika miaka iliyofuata. Katikati ya hapo alisuka viondo vilivyonunuliwa mpaka Machakos, na baba alipofariki ndiye aliyemtunza mama.

Ilinichukua zaidi ya miaka kumi kumwomba msamaha. Nilikuwa nimekuja kutoka Wote na watoto wakati wa likizo ya Aprili, na tulikuwa wawili tu tukichambua maharagwe. Nilisema yote, tangu kufunga mlango hadi kunyamaza nilipoitwa. Nilisema niliogopa wangemwona na posa ivunjike.

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

"Wangekuoa tu," alisema. "Hata kama wangeniona."

Tulipomaliza maharagwe aliinuka, akaniomba nimsaidie kubeba maji, kwa sababu mama angetaka kuoga kabla baridi haijaanza.