Santuri Mpya kwa Betri za Kuanikwa

Mwaka nilioajiriwa katika ofisi ya kilimo Kilosa, nikiwa nimetoka chuo kikuu na suruali mbili za kazini, nilikuwa na siri ambayo kwa mawazo yangu ingeweza kunifukuzisha kazi. Nilipenda muziki wa magitaa yanayonguruma. Nilipenda gitaa lipigwe mpaka lilie kama msumeno uliokutana na msumari, ngoma zije nyuma yake kama magunia yanayoshushwa garini, na katikati ya wimbo wanamuziki waache kuimba kabisa waanze kujaribu mambo. Redio haikuupiga muziki huo, na wapo waliouita uhuni wa kuiga. Mchana nilizunguka vijiji vya ujamaa nikihimiza pamba ipandwe kwa mistari, jioni nilikaa kitandani nikijiuliza kama mtu anaweza kuupenda ujamaa na gitaa la namna ile kwa moyo mmoja. Nilifikia jibu kwamba anaweza. Kesho yake nilianza kujiuliza upya.

Santuri zilinifikia kwa njia ya Mikumi. Malori yaliyotoka Zambia yalipumzika pale, na dereva mmoja, mtu mwenye sauti kubwa kuliko injini yake, alikuwa shabiki kama mimi. Jumanne moja nilifika huko na gari la ofisi, akaniita kutoka kwenye kibanda cha chai.

"Msomi! Njoo uone kilichotoka. Hii hata Dar es Salaam hawajaiona."

Juu ya jalada kulikuwa na kichwa cha mtu kilichoota moshi badala ya nywele. Nilijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuligusa.

"Imetoka lini?"

"Juzi juzi tu. Kule vijana wanaigombania madukani. Mimi nashuka bandarini, na bandarini vitu havikai. Nakuachia mpaka Jumamosi. Nikirudi nikakuta mkwaruzo, utanieleza huko chuo kikuu walikufundisha nini."

Njia nzima sikukaa vizuri. Niliishika santuri wima, nikaogopa itavunjika. Nikailaza chini ya kiti, nikakumbuka debe la petroli. Nikaiweka mapajani, jua likaingia dirishani, nikaona wazi jinsi itakavyojikunja kama chapati. Mwishowe nilivua shati nikaifunga nalo, na hivyo nilirudi Kilosa na fulana tu, nikiwaamkia wazee wa kijiji cha Mabwerebwere shikamoo huku wakinitazama kifua.

Tatizo kubwa lilikuwa gramafoni. Ilikuwa ya mama mwenye nyumba yangu, mjane kutoka milima ya Ukaguru, aliyelelewa misheni. Kila Jumapili mchana akina mama wa kanisa walikusanyika uani kwake kujifunza nyimbo za dini kutoka kwenye santuri zake. Umeme hatukuwa nao, na betri zilikuwa zimeadimika dukani kwa wiki nyingi. Kila wimbo nitakaousikiliza mimi, utakuwa umetoka kwenye Jumapili yake. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba, yenye utangulizi na hitimisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shati liko wapi?"

Utangulizi ukapotea. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: dereva, Jumamosi, jua, shati. Aliligeuza jalada akalitazama kwa muda mrefu.

"Huyu anaungua?"

"Hapana mama. Ni sanaa."

"Haya, piga. Lakini betri utazianika mwenyewe. Jumapili zikilala, utasimama mbele ya akina mama uimbe wewe."

Betri zilizochoka huamka kidogo zikikaa juani, kila nyumba ilijua hilo. Basi asubuhi kabla ya kazi nilipanda ngazi nikazipanga juu ya bati, na ofisini nilitoka kila mara kutazama mawingu. Wenzangu walidhani nina wasiwasi wa mvua kwa ajili ya pamba, wakanisifu mbele ya mkubwa wetu. Sikuwakatalia.

Jumatano jioni nilisikiliza upande wa kwanza. Gitaa liliingia peke yake, chafu, likikwaruza, kisha ngoma zikalifuata, nikajikuta nimesimama. Nilitaka kumshika mtu mkono nimwambie, umesikia hapo? Hakukuwa na mtu ila kuku. Alhamisi nikageuza upande wa pili, na hapo ndipo ulipokuja wimbo wa mwisho. Mwimbaji alianza na sauti ya kawaida, halafu akashuka, akashuka tena. Gitaa likawa zito kama tope la mto Mkondoa baada ya mafuriko. Kila pigo la ngoma lilifikiria kwanza kabla ya kuanguka. Sikuwahi kusikia watu wakithubutu kiasi kile.

Mama alikuwa akipukuchua kunde. "Huyu anaumwa?"

"Anajaribu, mama. Ndiyo muziki mpya. Anaonyesha jinsi binadamu anavyolemewa."

"Amelemewa kweli. Pole yake." Lakini mikono yake ilisimama juu ya ungo mpaka sindano ilipofika mwisho.

Ijumaa niliurudia. Ulikuwa mzito zaidi ya jana. Niliona hiyo ndiyo alama ya kazi kubwa, kwamba kila ukiirudia inakuonyesha kitu kipya.

Jumamosi nilianika betri mapema nikapanda basi la Mikumi, nikiwa na huzuni ya mtu anayesindikiza mgeni. Kabla ya kuikabidhi santuri nilimhutubia dereva kuhusu wimbo ule: kuzama kwake, ujasiri wake, binadamu na mzigo wake. Alinitazama kama aliyesimamishwa na askari asiyemjua.

"Wa mwisho, upande wa pili? Si ndiyo ule wa kuchezea?"

Alinivuta hadi kwenye baa yenye jenereta, akamwomba mwenye baa aupige. Wimbo ukatoka mbio kama mbuzi aliyefunguliwa. Mzee mmoja aliweka chupa chini akaanza kucheza.

"Gramafoni yako inakula nini?" dereva aliniuliza.

"Betri."

"Mpya?"

"Za kuanikwa."

"Ndiyo maana santuri inajikokota!" Alicheka mpaka akashika kaunta. Masikio yalinichoma. Nilikuwa nimemweleza mama wa watu mateso ya binadamu, kumbe binadamu mwenyewe alikuwa na upungufu wa betri!

"Msomi," alisema akijifuta machozi, "mimi hii nimeisikia mpaka nimeikariri, lakini huyo wako sijamsikia. Kaa nayo. Safari ijayo nakuja Kilosa mwenyewe, unipigie huyo wa kuanikwa."

Nilirudi nimeikumbatia santuri, nikicheka peke yangu dirishani, kisha nikaacha kucheka kwa sababu ya mama. Nimwambie? Nisimwambie? Nilikuwa sijaamua nilipomkuta mlangoni, khanga yake ina vumbi la foleni.

"Duka la ushirika limepata betri," alisema. "Nimesimama tangu asubuhi. Mpigie mgonjwa wako kabla ya Jumapili, asikike vizuri."

Nilizitia betri mpya kwenye gramafoni. Nikaweka sindano kwenye wimbo wa mwisho.

Wimbo ukatoka mbio. Mama, aliyekuwa amerudia kunde zake, aliacha ungo. Mguu wake mmoja ulianza kupiga chini bila kumwomba ruhusa.

"Ee!" alisema. "Amepona!"

Nikamweleza basi, nikijikwaa kwenye kila neno. Alicheka, akapiga makofi ya kanisani mpaka wimbo ukaisha. Halafu akafungua kifuniko cha gramafoni, akazitoa betri mpya na kuzifunga kwenye pindo la khanga.

"Hizi za Jumapili. Zile zangu za zamani ziko wapi?"

"Bado juu ya bati, mama."

"Kazilete. Kupona ni kuzuri, lakini alipokuwa anaumwa alikuwa na maneno."

Nilipanda ngazi mbio. Zilikuwa bado za moto, nikazishusha ndani ya shati.