Bendera Nyeupe ya Bwana Nimekubali

Kazini wanamwita Nimekubali, na jina hilo hakupewa bure. Mume wangu ni dobi wa hoteli. Kutwa nzima yuko wima anapiga pasi mashuka, na msimamizi akimwambia shuka lina mkunjo, hata kama mkunjo haupo, yeye husema "Nimekubali" na kuanza upya. Sokoni hivyo hivyo. Nyumbani ndiyo usiseme: nataka kugombana naye, lakini sijapamba moto mwenzangu keshanyoosha mikono. Inachosha, jamani! Unabaki na hasira zako, hujui uziweke wapi.

Ndivyo alivyompoteza kaka yake. Baba yao alipofariki, ndugu walikaa kikao kuamua mama aishi na nani. Mume wangu alimtaka kwetu, na alikuwa na hoja: mimi na mama mkwe tunaelewana, na nyumba yetu haina ngazi. Shemeji yeye alikuwa na vyumba vingi. Walibishana weee, mwisho shemeji akashusha pumzi, akafungua mdomo. Mume wangu akadhani anajua kinachokuja. Akasimama. "Nimekubali, mchukue," akatoka. Mama akaenda kwa shemeji, safari ya basi moja tu kutoka hapa, na mume wangu hajakanyaga huko tena. Hata simu haimsaidii, maana masikio ya mama yamechoka, hasikii.

Kilichobaki kati yao ni sataranji. Baba aliwafundisha utotoni, wakitumia vizibo vya soda. Mwaka mmoja baada ya kikao, shemeji alimtafuta kwenye mchezo huo wa simuni, akamwalika bila hata salamu. Huyu anasogeza kete leo, yule kesho. Lakini mume wangu akikosea tu, anabonyeza bendera nyeupe, yaani ameshindwa, na mchezo umekwisha. Kisha ni miezi ya kimya, kwa sababu aliyeshindwa anaona haya kualika. Simu humwonyesha makosa yake, na mara nyingi humwambia kwamba njia ilikuwepo bado. Anasoma, anaguna, analala. Mchezo unaofuata, yaleyale.

Mwezi huu jioni moja nimerudi kutoka kufagia zahanati, mgongo si wangu, nikamkuta ametia miguu kwenye beseni la maji ya moto, simu mkononi. Kidole chake kinene kikagusa pasipotakiwa. Malkia wake akabaki wazi kuliwa.

"Basi, nimekwisha," akasema, na kidole hicho kinaelekea kwenye bendera.

Nikampokonya simu. "Hubonyezi!"

"Mke wangu, malkia ameenda."

"Na aende! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukibonyeza hapa, kaka yako utamsikia tena lini? Na mama yako je? Unangoja uitwe msibani?"

Akaniangalia, amechoka kama mimi. "Haya, nimekubali," akasema, na kwa mara ya kwanza neno lile likanifaa.

Akaendelea. Kila jioni anavua viatu, anatia miguu majini, anamkimbiza mfalme wake kutoka kona hii kwenda ile. Nilidhani atamalizwa upesi. Hakumalizwa. Jana akaniita.

"Hebu njoo uone. Tangu juzi kaka angeweza kunimaliza. Ngome yake ishuke hapa tu, mfalme wangu hana pa kwenda. Leo tena amesogeza askari wa pembeni."

"Labda hajaona."

"Kaka? Yule huona kabla hujawaza."

"Sasa we mwanamume, si hataki mchezo uishe! Anaogopa utatoka tena kama siku ile."

Akafungua kisanduku cha maongezi ambacho hawajawahi kukitumia, akaandika herufi moja moja: "Shikamoo kaka. Siku ile kabla sijatoka, ulitaka kusema nini?"

Jibu lilichelewa, mpaka maji ya beseni yakapoa.

"Marahaba. Nilitaka kusema hoja zako zimenishinda, mama akae kwenu. Nilikufuata nje, nikakuta umeshapanda basi. Baadaye nikaona haya kukuita. Mlango ukigongwa, mama huuliza kama ni wewe."

Alisoma, akarudia kusoma. Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda?"

"Ulikuwa umeshinda. Ukaondoka."

Nami nililia, sikatai, kwa uchungu na kwa hasira, miaka yote ile imekwenda bure. Akajifuta uso kwa taulo la miguu.

"Nitakwenda Jumapili," akasema. "Leo miguu inaniuma."

"Na yangu inauma. Mabasi bado yapo. Vaa viatu."

Nilingoja aseme neno lake. Hakusema. Aliinama, akaanza kutafuta soksi.