Mafiga Yaliyotoka Jasho

Mjukuu wangu Wanja, ipo siku moja ya mvua ambayo haijanitoka kichwani tangu utoto, na jana chumbani kwako imenirudia. Kaa nikusimulie.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Vita vya wazungu vilikuwa vimekwisha, baba yangu amerudi kutoka Burma na koti moja na kikohozi, na mjini Nanyuki nyumba hazipatikani. Tukaenda kuishi kwenye kambi ya jeshi iliyoachwa, sisi na wengine wengi. Hakuna aliyeturuhusu, tuliingia tu. Katika banda letu refu la mabati tulikuwa familia saba: watu wa Kariuki, wa Barasa, wa Mzee Lekuton, wa Otieno fundi viatu, wa Mama Chebet, wa Bi Zainabu mjane wa askari, na sisi. Wenye kusoma husahau majina kwa sababu wameyaandika. Mimi sikuandika.

Humo ndani hamkuwa na kuta, ila sheria ilikuwepo. Ukishaweka mafiga, yale mawe matatu ya kupikia, mahali pale ni pako na hakuna wa kukuhamisha.

Kando yetu palibaki nafasi moja, karibu na dirisha. Mimi nililala na kaka zangu wawili, miguu yao mgongoni mwangu kila siku, nami nilipatamani pale. Basi mchana mmoja mvua inanyesha, nikaona mwanamke anakuja na mzigo. Nikakimbia nje, nikaokota mawe matatu, nikayapanga dirishani na sufuria kuukuu juu yake.

Mwanamke yule aliitwa Nduku. Mgongoni alikuwa na mtoto, Mutua, anakohoa. Alilowa mpaka kope. Akayatazama mafiga, akasema, "Samahani, sikujua pana mwenyewe." Hakubishana. Akageuka kurudi mvuani.

Bi Zainabu akainama, akayagusa mawe, bado yanachuruzika maji ya mvua.

"Ebo! Mafiga gani haya yanatoka jasho, na hayajapika hata chai?"

Watu wakacheka. Mimi nikatazama miguu yangu, nikingoja anitaje. Hakunitaja, mwanangu. Alinijia sikioni akanong'ona, "Bibi mdogo, mafiga bila moto ni mawe tu. Umeyaweka, sasa yawashe. Mpikie mwenzio uji, kisha umwachie."

Nikatoka mbio. "Mama, rudi! Nilikuwa nakuwekea!" Huo ulikuwa uongo wa pili, lakini naamini Mungu ameshanisamehe. Uji wenyewe ulinuka moshi, na Mutua akaunywa wote, akalala pale dirishani nilipopataka mimi. Kaka zangu waliendelea kunipiga mateke. Sikufa.

Sasa nije kwako, huku ughaibuni. Shangazi yako Nyawira, benki imechukua nyumba yake kule mjini Sterling. Jumamosi anakuja na wale watoto wawili, na hana pengine pa kwenda. Baba yako alipokuuliza kuhusu chumba chako, ulijibu, "Room yangu imejaa, Dad, hakuna space." Jana nimekuletea nguo zilizofuliwa, nikayaona maboksi yamepangwa mpaka dirishani. Nikainua moja kwa nguvu zangu zote za kizee, nikakaribia kuanguka chali. Jepesi kama kofia! Nikainua la pili. Nalo hivyo hivyo.

Sikumwambia baba yako. Wala sikucheki, kwa kuwa najua kutamani pembe yako mwenyewe si dhambi. Katika apartment hii ya Falls Church hata mimi nasikia kila mtu akipiga chafya. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na shida leo iko kwa Nyawira, kesho kwa mwingine. Sisi wenyewe tuliingia kambini bila kualikwa, nami nikataka kumfungia mwenzangu mlango usiokuwa wangu.

Nasaha yangu ni hii: usiweke kitu mahali ili kumzuia mtu. Ukiwa umeshaweka, kiondoe kabla hajafika, asije akageuka kwa heshima yake, nawe ukabaki na nafasi yako na aibu yako. Kama unaona uzito, niite. Maboksi yale hata mimi nayaweza.

Mungu akupe nyumba pana, Wanja, na moto usiozimika ndani yake, na wewe mwenyewe usikose kamwe wa kukufuata mvuani akikuita urudi.