Pikapu Iliyoshtuka Mbele ya Wazee

Hadi leo sijui kama gia boksi ya pikapu ile kuukuu ilikuwa mbovu. Mwenyewe, ambaye ndiye dereva, alitaka ishushwe itengenezwe kwa kuwa gari lilikuwa likishtukashtuka, ingawa kabichi zake zingeozea shambani Magamba. Fundi akataka kwanza aione pikapu ikitembea. Nami nikapewa lifti, nikabanwa katikati yao.

Barabara ikiwa tupu, gari lilitulia. Kila alipotokea mzee, dereva aliachia mafuta, akavua kofia: "Shikamoo baba!" Gari likarukaruka kama mbuzi.

"Kanyaga klachi, kaka!" fundi akamwambia.

"Nikanyage, nivue kofia, niiname, yote kwa pamoja?"

"Basi usisalimie."

"Halafu nihamie wapi?"

Fundi akakubali, maana naye ana wakwe hukohuko. Ikaamuliwa gia boksi isiguswe. Siku hizi dereva anashughulika na klachi, na mkewe, kichwa nje ya dirisha, anatoa shikamoo za wote wawili.